Usanifu Unaotufaa na Usanifu Unaotusanifu

Hotuba iliyotolewa katika Kata ya Bagamoyo, mjini Tukuyu, Wilaya ya Rungwe, siku ya kuzindua kijitabu hiki



Naomba nianze kwa kuomba radhi. Maboksi matano ya kijitabu tunachokizindua leo yalitarajiwa kuwapo mezani hapa tangu juzi. Yaliyopo ni mawili, nayo yamefika kwa sababu mwenzetu mmoja aliyapakata ndani ya basi. Matatu mengine yamekwenda Bagamoyo. Si Bagamoyo hii tuliyoketi, bali ile ya Mkoa wa Pwani, mji wa kale ulio kando ya bahari, zaidi ya kilomita 850 kutoka hapa. Kijana aliyeyasafirisha alikuwa akijaza fomu kwenye kompyuta. Alipoandika herufi tatu za kwanza, kompyuta ikamletea jina "Bagamoyo" likiwa limekwisha kuambatanishwa na Pwani. Akabonyeza, akaendelea na kazi yake.

Alipotambua, alinipigia simu kwa sauti ya mtu aliyefiwa. "Mzee, nimekosea," akasema. Nilimuuliza maswali mawili matatu kuhusu fomu ile, nikamwambia kwamba hakukosea peke yake. Aliyeisanifu fomu aliamini kwamba nchi hii ina Bagamoyo moja, na kwa kuamini hivyo akamtegea mtego kila mtu ambaye angetuma mzigo Tukuyu. Wenzetu wa kata jirani ya Msasani, nadhani mnanielewa kuliko mtu yeyote humu ndani.

Sikulipanga jambo hili liwe mwanzo wa hotuba yangu, lakini limejipanga lenyewe, kwa kuwa ndilo hasa kijitabu hiki kinalolizungumza: kosa linapotokea kati ya mtu na kifaa, ni la nani?

Neno usanifu tumelizoea katika usanifu wa majengo. Tunalisikia pia katika Kiswahili sanifu. Kusanifu kitu ni kukibuni na kukipanga kwa ufundi ili kifae kwa kazi yake na kwa mtu atakayekitumia. Hiyo ndiyo maana ya kwanza. Lakini lugha yetu, ambayo haikosi hekima ya kificho, ina maana ya pili. Kumsanifu mtu ni kumcheza shere, kumdhihaki kwa namna ambayo yeye mwenyewe haitambui upesi. Kwa muda mrefu nilidhani maana hizi mbili zimekutana kwa bahati tu. Baada ya miaka ya kupokea malalamiko ya walaji, yaani nyinyi na mimi tunaonunua na kutumia bidhaa na huduma, sina hakika tena. Vipo vitu vilivyosanifiwa kwa ajili yetu, na vipo vilivyosanifiwa ili vitusanifu.

Jambo la kwanza ninalotaka mlikubali, kabla hatujaigusa simu wala mita, ni kwamba nyinyi si wageni katika fani hii. Mpeni mama yeyote aliye hapa doti ya kanga. Ataitandaza, atatazama kama pindo limekwenda sawa pande zote, kama mji umekaa katikati, kama jina limesimama pale linapopaswa kusimama na linasomeka. Ataishika nguo kati ya vidole viwili apime uzito wake, pengine atalowesha kidole na kusugua ukingo aone kama rangi inatoka. Muda wote huo haujafika dakika mbili, na tayari ametoa hukumu ambayo mwenye duka hawezi kuipinga. Au nendeni Matema, kule Kyela, siku ya soko, mkawatazame wanunuzi wa vyungu vya Wakisi, ambavyo kina mama huvifinyanga bila gurudumu na ambavyo kwa miaka mingi vimesafirishwa kwa mitumbwi kando ya Ziwa Nyasa kabla ya kupanda milima kuja huku. Mnunuzi hukigonga chungu kwa kidole na kukisikiliza. Chenye ufa hujisema chenyewe.

Basi mama huyohuyo, mwenye jicho kali hivyo, ukimkabidhi simu ikamshinda, atasema, "Mimi sijui, mimi sikusoma." Hasemi kwamba simu imetengenezwa vibaya. Kwa kanga yeye ni hakimu. Mbele ya simu amekuwa mshtakiwa. Kijitabu hiki kimeandikwa ili kumrudisha kwenye kiti cha hakimu.

Niwape mfano wa karibu zaidi na mashamba yetu. Mkulima wa chai analeta majani yake kwenye kituo cha kupimia. Mizani ipo, na pengine ni mizani mizuri. Lakini uso wake umeelekea kwa nani? Kama namba anaiona karani peke yake, na mkulima anasimama upande wa pili akisubiri kuambiwa, mizani hiyo ina kasoro hata kama inapima sawasawa hadi gramu ya mwisho. Wakala wa Vipimo huhakiki mizani na kuitia alama, na ni haki yenu kuiulizia alama hiyo. Kuomba mizani igeuzwe ili nanyi muisome ni haki yenu pia, na kwa kawaida hugeuzwa bila gharama yoyote. Hilo nalo ni suala la usanifu.

Sasa twende kwenye LUKU, na hapa mniruhusu nikae kidogo.

Jina lenyewe ni kifupi cha Lipa Umeme Kadri Utumiavyo. Tokeni yake ina tarakimu 20, na mara nyingi kwenye risiti hupangwa katika mafungu matano, kila fungu tarakimu nne. Mpango huo si pambo. Akili ya binadamu hushika tarakimu chache kwa mara moja; ukimpa 20 zilizofungamana kama mkufu, atapotea katikati na kuanza upya. Zikikujia zimefungamana, chukua kalamu uzigawe nne nne kabla ya kwenda kwenye mita. Na ukipapasa vitufe vyenyewe, mara nyingi utakuta kinundu kidogo juu ya kitufe cha 5. Kimewekwa hapo ili kidole kijue kilipo hata gizani. Msanifu fulani alikumbuka kwamba mtu huingiza umeme wakati umeme umekatika. Huo ndio usanifu unaotufaa.

Lakini mnakumbuka mwaka 2024. Tulinunua umeme tukaletewa tarakimu 60, mafungu matatu ya 20. Watu wengi walishtuka. Jirani yangu mmoja, bibi anayeishi peke yake, alizitazama namba zile akaamua kwamba ametapeliwa. Akaingiza fungu la mwisho, lile alilodhani ndilo la umeme wake, mita ikamkatalia. Akalala gizani. Asubuhi kijana wa mtaani akamwingizia zote kwa mpangilio, akamtoza shilingi elfu moja kwa kazi ya dakika tano.

Bibi huyu alikuwa amefanya nini? Hakufanya lolote. Sababu ilianzia mbali sana naye. Kila tokeni hubeba ndani yake alama ya wakati ilipotolewa, ili mita iitambue na isiipokee mara mbili. Kanuni za mita za aina hii si za Tanzania peke yake. Zinatumika katika nchi nyingi duniani. Waliozitunga waliamua kuuhesabu wakati kwa dakika, kuanzia tarehe 1 Januari 1993, na wakaitengea hesabu hiyo nafasi isiyoweza kupita dakika 16,777,216. Kwa aliyeketi mezani miaka ile, dakika milioni kumi na sita zilikuwa kama bahari, nani angezimaliza? Zilimalizika tarehe 24 Novemba 2024. Ikabidi mita zote za mfumo huo, huku na kwingineko duniani, zibadilishiwe ufunguo kabla ya siku hiyo ili zianze hesabu mpya. Tokeni mbili za kwanza zilikuwa za kubadilisha ufunguo. Ya tatu ndiyo iliyobeba umeme. Aliyeanza na ya tatu alikuwa akibisha kwenye mlango ambao kufuli lake lilikuwa bado halijabadilishwa.

Sisemi kwamba wasanifu wale walikuwa wabaya. Nafasi ndani ya tarakimu 20 ni ndogo, na ilibidi waamue nini kiingie na nini kisiingie. Nataka tu muone urefu wa mkono wa usanifu: uamuzi uliofanywa katika meza moja ya mbali ulimfikia bibi wa Tukuyu baada ya miaka 31, usiku, akiwa na mshumaa mkononi. Matangazo yalikuwapo, lakini yeye hakufikiwa na hata moja lililomweleza kwa nini. Angeelezwa kwa nini, naamini angeufuata mpangilio. Watu huheshimu utaratibu wanaoujua sababu yake. Usio na sababu huukisia, na kukisia ndiko kunakotugharimu.

Nipite haraka kwenye jambo la plagi, kwa kuwa limeelezwa vizuri ndani ya kijitabu. Soketi zetu ni za matundu matatu, mtindo uliotungwa Uingereza mwaka 1947. Jino la juu la plagi ni refu kuliko mengine mawili kwa makusudi. Likiingia, husukuma vijilango vilivyoficha matundu ya chini yenye umeme, ili mtoto asiweze kuchomeka msumari. Ndilo pia lililounganishwa na waya wa ardhini, ule mafundi wanaouita ethi, ambao huuondoa umeme kwenye bati la pasi au jagi endapo waya wa ndani umegusa mahali usipopaswa. Sasa sisi tumenunua chaja ya meno mawili ya mviringo, haiingii. Tunachukua kalamu, au kijiti, au kifuniko cha kalamu, tunakichomeka tundu la juu, vijilango vinafunguka, chaja inaingia. Nani humu hajawahi kufanya hivyo? Mimi nimefanya. Jino la mviringo ndani ya tundu la mstatili halikamati vizuri, hulegea, hupata moto. Na kwa kifaa chenye bati, ule ulinzi wa ethi haupo kabisa. Tunamlaumu mwenye kalamu. Kabla yake yupo aliyeingiza nchini kifaa chenye plagi isiyo ya nchi hii, akakiuza bila kibadilishio. Mkinunua, iulizieni plagi dukani, na muitafute alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania.

Katika jambo hilohilo la plagi nina ungamo. Katika rasimu ya kwanza ya kijitabu tuliweka picha mbili: ya kwanza mtu akichomeka kalamu, ya pili cheche zikiruka, na juu yake alama nyekundu ya kosa. Tukaja sokoni hapa Tukuyu kuwaonyesha watu kabla ya kuchapa. Mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi akaitazama picha ya kwanza, akasema, "Kumbe hata serikali inasema tuanze na kalamu." Hakufika kwenye picha ya pili, na kwa nini angefika? Kitabu cha maelekezo huonyesha la kufanya, picha ya kwanza ni hatua ya kwanza. Yeye alisoma kama mtu mwenye akili timamu; sisi ndio tuliosanifu vibaya. Picha ile tumeiondoa. Mtakayoiona sasa inaanza na plagi sahihi.

Nisije nikaonekana ninaponda kila kitu, vipo vitu vilivyotengenezwa vizuri na watu wetu wenyewe. Tazameni jiko la mkaa lenye bati nje na udongo wa kuchomwa ndani. Lilienea kutoka Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, likiwa limechukua wazo la jiko la ndoo la Thailand. Mafundi wakalibadilisha umbo, wakalipa kiuno chembamba na kitako kipana, kwa sababu sisi tunasonga ugali, na jiko la kusongea ugali lisipokuwa na kitako litaangusha sufuria. Udongo ule wa ndani ndio unaotunza joto na kupunguza mkaa. Kwa hiyo unaponunua, usilipendee jiko rangi ya bati. Ingiza mkono, uone kama udongo una unene wa kutosha na hauna ufa, kisha uugonge usikilize, kama unavyofanya kwa chungu cha Mkisi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niombe mimi mwenyewe kuja kuzungumza leo, badala ya kumtuma mwenzangu.

Mama yangu mdogo ni mkulima, si mbali na hapa. Mwaka mmoja alitaka kumtumia mwanawe ada ya shule, shilingi laki moja na themanini elfu, kwa simu. Ilikuwa simu ndogo ya vitufe, herufi zake ndogo, na macho yake yameanza kuchoka. Akakosea tarakimu moja. Mashine ikamletea jina la mpokeaji kabla ya kuomba namba ya siri, kama inavyopaswa. Huo ni usanifu mzuri kwa mwenye macho mazuri. Lakini menyu za namna hii hazikusubiri. Ukichelewa hufunga, nawe huanza upya. Yeye alikuwa amekwisha kufungiwa mara mbili. Mara ya tatu hakulisoma jina. Aliharakisha kuingiza namba ya siri kabla haijafunga tena, na fedha zikaenda kwa mtu asiyemjua.

Hakumwambia mtu. Hakumwambia wakala, hakupiga huduma kwa wateja, hakumwambia mumewe wala mtoto aliyekuwa akisubiri ada. Alisema msimu umekuwa mbaya, akauza mbuzi wawili, akatuma tena. Mimi nilikuja kulijua jambo hili baada ya miezi mingi, tukiwa msibani, usiku, tumekaa pembeni ya moto. Nilimuuliza, "Mama, mbona hukuniambia? Kazi yangu ni hiyo hiyo." Akaniambia, "Ningesemaje, mwanangu? Mngesema nimezeeka."

Ndugu zangu, katika ofisi zetu tunahesabu malalamiko yaliyoletwa. Hatuna hesabu ya mbuzi waliouzwa kimya kimya. Mtoa huduma naye hukaa mezani akatazama taarifa yake, akaona kwamba menyu inayofunga haraka haijalalamikiwa na mtu, akaiacha kama ilivyo. Aibu ya mama yangu mdogo imekuwa ushahidi kwamba menyu ni nzuri. Kila anayenyamaza kwa kujiona mjinga anaiongezea menyu hiyo umri.

Kwa hiyo yakikupata, usiufute ujumbe. Ndani yake mna namba ya kumbukumbu ya muamala. Piga huduma kwa wateja ya mtandao wako palepale, kabla mpokeaji hajazitoa fedha, ueleze kilichotokea. Waeleze pia kwamba menyu ilikufungia. Sentensi hiyo ya pili watu huisahau, nayo ndiyo itakayomsaidia atakayekuja baada yako. Na kabla ya kuingiza namba ya siri, lisome jina la mpokeaji kwa sauti, hata kama uko peke yako. Namba yenyewe usimtajie wakala, hata awe mpwa wako. Wakala akikwambia "nipe nikusaidie" huenda ana nia njema, lakini dirisha lake limejengwa bila kificho, na aliye nyuma yako kwenye foleni ana masikio.

Mpaka hapa nimezungumzia kutojali. Ipo hali nyingine iliyo mbaya zaidi, nayo ni kifaa kilichopangwa kwa uangalifu mkubwa ili ukosee.

Mnazijua zile programu za simu zinazokopesha fedha, ambazo mtaani huitwa kausha damu. Ukiifungua unapokelewa kwa rangi nzuri na maneno matamu. Kitufe cha "Kubali" ni kikubwa kama dirisha. Riba na ada zimeandikwa chini, kwa herufi ambazo hata mimi na miwani yangu sizioni. Kabla hujapata shilingi, programu inaomba ruhusa ya kusoma orodha ya majina yaliyomo katika simu yako, na ukikataa haiendelei. Ukichelewa kulipa siku mbili, shemeji yako, mchungaji wako na mwalimu wa mtoto wako wote wanapata ujumbe kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Hapa hakuna kosa la kusahau. Mtu aliketi, akafikiri, akachora kitufe kikubwa hapa na herufi ndogo pale, akijua atakachokipata. Huku ndiko kusanifiwa kwa maana ile ya pili.

Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha kwa njia ya mtandao bila leseni. Nchi yetu pia ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi unayoweza kuilalamikia. Majina yaliyomo katika simu yako si dhamana ya mkopo. Isitoshe si yako peke yako: ni ya shemeji na mchungaji, nao hawakukopa.

Kuhusu ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", sitasema mengi. Mmeuona wote. Uelekezeni kwenye namba 15040 ya kuripoti utapeli, msiujibu, msibishane nao.

Wapo walioniuliza, wengine kwa kutabasamu, kwa nini tunachapa karatasi wakati huu ambapo kila kitu kimo simuni. Nina jibu la kihistoria. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu takribani milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza vipindi vya redio huku vijitabu vikiwa mikononi, wakajadiliana, kisha wakainuka wakachimba vyoo. Baadhi ya wazee waliomo humu huenda walikuwamo katika vikundi hivyo. Redio ndiyo iliyokuwa teknolojia mpya ya siku zile. Lakini redio ikishasema imesema, hairudii. Kijitabu kilibaki juu ya meza, ukurasa ukaonyeshwa kwa kidole, mmoja akasema "hapana, hapa pameandikwa hivi". Mabishano yale ndiyo yaliyokuwa darasa. Simu ya leo inatufaa kwa mengi, ila inasomwa na mtu mmoja mmoja, na kifurushi kikiisha inanyamaza. Karatasi hii haihitaji kifurushi. Mtaisoma wawili watatu kwenye jamvi moja, na asiyejua kusoma atasomewa na mjukuu.

Tumejitahidi kukisanifu vizuri. Herufi ni kubwa. Kila ukurasa una jambo moja. Hakuna rangi hafifu juu ya rangi hafifu, kwa sababu tulikijaribu jioni, kwenye mwanga wa koroboi na wa taa ndogo ya sola. Hapa Tukuyu mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na kuna siku sola hailioni jua tangu asubuhi mpaka jioni. Jalada limenyunyiwa nta kidogo kwa sababu hiyohiyo ya mvua. Ukurasa wa mwisho unaeleza uende wapi: kwanza kwa aliyekuuzia au mtoa huduma wako, kwa maandishi na tarehe, asipokusikiliza, Tume ya Ushindani kwa bidhaa bandia na udanganyifu wa kibiashara, Shirika la Viwango kwa ubora, Wakala wa Vipimo kwa mizani, Mamlaka ya Mawasiliano kwa simu, EWURA kwa umeme na maji, Benki Kuu kwa huduma za fedha. Ni ofisi nyingi, nakiri. Kama tungekuwa na mlango mmoja ningeutaja mmoja. Ukipotea, ingia ofisi yoyote kati ya hizo, uombe uelekezwe. Usikubali kurudishwa nyumbani.

Katikati ya kijitabu mtakuta kurasa nne tupu zenye mistari. Hatukusahau kuchapa. Andikeni humo kila kifaa kilichowakosesha katika mwezi mmoja: kitufe kilichowahadaa, maelezo yaliyokuja kwa lugha msiyoijua, jina la kata yenu lililokosekana kwenye orodha. Msiandike "nilikosea". Andikeni kifaa kilifanya nini na nyinyi mlitarajia nini. Mtendaji wa kata amekubali kuzipokea, nasi tutazifuata wenyewe.

Na kwa kuwa nimewaomba nyinyi mseme, nami nitasema. Ile fomu ya usafirishaji niliiandikia barua jana usiku. Nimewaeleza wenye nayo kwamba Bagamoyo ni mbili, na kwamba kijana wetu hana kosa. Mama yangu mdogo yupo pale safu ya tatu, na ameniruhusu kuyasema haya yote mbele yenu. Alinipa sharti moja tu, kwamba nakala ya kwanza ipewe yeye.

Zilizopo mlangoni ni mia mbili, nyumba moja nakala moja, tafadhali. Waliokosa waache majina yao kwa mtendaji wa mtaa. Maboksi matatu yaliyokwenda baharini yanarudi kwa basi la Alhamisi, kama anwani imeandikwa sawasawa safari hii.